Nafunga kila Kwaresima, lakini moyo umekauka

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Morogoro na ni katibu wa jumuiya yetu. Kila mwaka, tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, naacha nyama, soda na sukari kwenye chai, na nyumba nzima tunakula maharage na mboga. Njia ya Msalaba sikosi. Lakini ikifika wiki ya tatu nakuwa mkali, namfokea dada wa kazi kwa kosa dogo, na Pasaka inanikuta nimechoka tu. Mwaka huu nataka imani iniingie kweli. Niongeze nini? Nafikiria rozari nzima kila usiku, au kunywa maji tu siku za Jumatano.*

*Nikuambie na hili: ni miaka mingi sijaungama, maana paroko ananijua hata kwa sauti, mimi ndiye nasoma masomo ya Misa. Na mdogo wangu wa kike hatuongei tangu msiba wa baba. Mimi nilishika daftari la rambirambi, akadai nimekula hela. Ndugu wote walinitetea. Kweli kuna kiasi nilitoa nikalipa ada ya mtoto, nikijua nitarudisha, lakini kilikuwa kidogo.*

*Katibu, Morogoro*

Dada yangu, usiongeze kitu. Unachokitafuta umekiandika mwenyewe katika mistari ya mwisho ya barua yako, na hata rozari ishirini hazitakizunguka.

Tuanze na chakula, tukimalize. Sheria ya Kanisa inadai kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja wa kushiba, na vingine viwili vidogo visivyofikia mlo kamili hata vikiunganishwa. Kuacha nyama Jumatano ya Majivu na siku za Ijumaa kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Hayo mengine yote unayofanya ni hiari, na ni mema, ila hiari hiyo ni yako. Binti anayekusaidia kazi hakuichagua. Anainama kwenye karai la nguo tangu asubuhi, anapika, anabeba mtoto, kisha anafokewa na mtu mwenye njaa. Ukiacha Majivu na siku za Ijumaa, mpikie nyama, na wewe ukiona njaa inakupandisha hasira, kula. Siku ya pili baada ya Majivu, yaani Ijumaa ile ya kwanza, Kanisa linasoma sura ya 58 ya Isaya, ambapo nabii anawakemea watu wanaofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao. Isome tena nyumbani, wewe uliyezoea kuwasomea wengine.

Na hela ya nyama inakwenda wapi? Injili ya Jumatano ya Majivu, sura ya sita ya Mathayo, inataja sadaka, sala na kufunga kwa pamoja. Usiponunua nyama na hela ikabaki kwenye pochi, umebana matumizi, basi. Kwenye jumuiya yako najua michango husomwa kwa jina na kiasi, na wewe ndiye unayesoma. Safari hii mtafute mgonjwa au bibi anayelea wajukuu peke yake, umpelekee mkononi, na isiandikwe popote.

Sasa kuungama. Kanisa linadai walau mara moja kwa mwaka kwa mwenye dhambi kubwa. Aibu yako naielewa, wasomaji wengi wananiandikia hiyohiyo, hasa viongozi wa jumuiya na wanakwaya. Lakini huna ulazima wa kwenda kwa paroko wako. Padri yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha anafaa: panda daladala, nenda parokia nyingine. Una haki pia ya kuungama nyuma ya wavu, usionekane uso. Na padri haruhusiwi kutoa siri ya maungamo kwa sababu yoyote. Akiitoa kwa kukusudia anajitenga na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo huondolewa na Roma peke yake. Kama umesahau namna ya kuanza, mwambie, “Padri, ni miaka mingi sijaungama, naomba unisaidie.” Atakuongoza kwa maswali. Hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo wiki hiyo.

Utakapofika hapo itaje hela ya rambirambi, na usiseme ilikuwa kidogo. Hata ingekuwa elfu ishirini, watu waliitoa kwa wafiwa wote, na mdogo wako alifiwa na baba kama wewe. Padri atakuondolea dhambi, lakini Kanisa linafundisha pia kwamba aliyechukua cha mtu hukirudisha. Tena kuna kitu ulichokichukua kikubwa kuliko hela, ndicho kilichoniumiza zaidi nikisoma barua yako. Mdogo wako alisema ukweli, ndugu wakamwona mzushi, na wewe ukanyamaza. Muda wote huu anatembea na jina hilo. Nalo ulirudishe.

Ukitaka sala ya Kwaresima hii, robo saa kila usiku na sura ya 15 ya Luka inatosha. Usikae sana kwa yule mwana aliyepotea. Kaa kwa kaka yake, aliyefanya kazi zote za baba bila kukosa siku, akaishia kusimama nje ya karamu kwa sababu ya ndugu yake.

Kisha mpigie simu mdogo wako. Usitume meseji ndefu, wala usipite kwa shangazi. Mwambie ulichukua kiasi gani, ulikitumia kwa nini, na utarudisha lini. Kama huna zote, anza na nusu. Usimkumbushe maneno aliyokutolea msibani. Asipokusamehe siku hiyo, usimlaumu, muda uliompotezea ni mrefu. Na wale waliokutetea, wapigie mmoja mmoja uwaambie kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Itakuwa simu ngumu kuliko maji matupu ya Jumatano, na ndiyo mfungo ninaokuomba.

Usingoje Juma Kuu. Siku hizo foleni za kuungama ni ndefu na mapadri wamechoka. Nenda wiki hii.