Mtoto wa Paka na Chakula Chake

Ninyi wenye mashamba ya mahindi na mihogo, leo somo letu ni habari ya mnyama mdogo. Wengine watacheka na kusema: «Paka! Paka anajilisha mwenyewe.» Ngojeni kidogo, mcheke nyuma.

Mahindi yakiisha kuvunwa na kutiwa ghalani, mwenye shamba anafikiri kazi imekwisha. Panya naye anafikiri kazi yake imeanza. Panya mkubwa wa nyumbani anakula gramu 15 hata 20 za nafaka kwa siku moja. Hesabuni: kwa mwaka ni kilo 5 na zaidi, hata 7. Panya kumi wanamaliza mfuko mzima wa kilo 50. Tena yale wanayoyaharibu kwa mkojo na mavi yao ni mengi kuliko yale wanayoyala. Na mahindi hayo ndiyo mngeyauza kwa watu wa migodi ya Kolwezi, Likasi ao Kipushi, na franga zake zingelipa shule na dawa.

Katika vijiji vingi tunasikia neno moja: «Hapa kwetu paka hawaishi. Tumeleta watatu, wote wamekufa.» Tunauliza: «Baba, mliwaleta wakiwa na umri gani?» Anajibu: «Wadogo, macho yamefunguka tu.» «Mliwapa chakula gani?» «Bukari, kama sisi wenyewe.» «Na nyama?» «Hapana! Paka akipewa nyama atakuwa mvivu, hatashika panya.»

Basi, kosa ni hapo. Paka wale hawakufa kwa uchawi, wala kwa ubaya wa udongo wa kijiji. Walikufa kwa njaa, na tumbo limejaa bukari.

MAMA KWANZA

Paka jike anachukua mimba siku 63 hata 65, ndiyo miezi miwili na siku chache. Mtu anayetaka watoto wazuri ataanza kumlisha mama mbele ya kuzaa. Akiisha kuzaa na kunyonyesha watoto wanne ao watano, anahitaji chakula mara mbili, hata mara tatu, kuliko siku zake nyingine. Mama mwenye njaa hana maziwa, ao anawaacha watoto siku nzima akitafuta chakula porini.

Mtengenezeeni kikapo cha zamani ao sanduku, na ndani yake nguo kuukuu safi, mahali penye giza kidogo, pakavu, pasipofikiwa na mbwa wala siafu. Wekeni chakula na maji karibu naye, maana siku za kwanza hapendi kwenda mbali. Watoto wa nyumba wasiwachukue wadogo wale huku na huku, maana mama akisumbuliwa atawahamisha, na mara nyingine anawaficha mahali pabaya.

MAJUMA YA KWANZA

Mtoto wa paka akizaliwa ana uzito wa gramu 100 hivi, kama mayai mawili ya kuku wetu. Haoni, hasikii, wala hawezi kujipasha moto. Siku ile ya kwanza ni lazima anyonye, sababu maziwa ya kwanza ya mama yana kinga ya magonjwa, na tumbo la mtoto linaweza kuipokea kwa siku moja tu. Kisha mlango huo unafungwa.

Mpaka juma la nne hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama yake. Msimpe maji, msimpe uji. Kila siku anaongeza gramu 10 hata 15. Mwenye mizani ndogo ampime. Asiye na mizani atazame tumbo: mtoto aliyeshiba ana tumbo la mviringo, analala kimya. Mtoto anayelia kila saa ana njaa ao ana baridi. Macho yanafunguka kati ya siku ya 7 na siku ya 14. Watu wengi wakiona macho wanadhani mtoto amekuwa mkubwa, wanamchukua. Bado kabisa.

KAMA MAMA AMEKUFA

Kwanza tafuteni paka mwingine anayenyonyesha, hata katika kijiji cha jirani. Mara nyingi atampokea mtoto wa mwenzake, na hiyo ndiyo njia iliyo bora kupita zote. Kama hakuna, kazi ni yenu, na ni kazi nzito. Mwanamke mwenye shamba, na mtoto mgongoni, hataiweza peke yake. Watoto wa shule washike zamu.

Joto linakuja mbele ya chakula. Mtoto wa paka aliye baridi hawezi kusaga maziwa tumboni. Ukimlisha hivyo atakufa. Tieni maji ya moto katika chupa, ifungeni kwa kitambaa kizito, mlaze karibu nayo, lakini apate nafasi ya kuondoka kama joto limezidi. Akiisha kupata joto, ndipo mmlishe.

Maziwa gani? Maziwa ya ng'ombe ao ya mbuzi peke yake hayamfai: nguvu yake ni ndogo kuliko maziwa ya paka, na sukari iliyo ndani yake inamharisha. Mjini, kwa daktari wa wanyama, pengine mtapata maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Mkikosa, chukueni kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa, tieni viini viwili vya mayai na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, koroga vizuri. Hayo ni ya kuokoa maisha kwa siku chache, wakati mnatafuta yaliyo bora. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari msimpe hata kidogo.

Maziwa yawe na joto kama mwili wako. Tumieni bomba la sindano, lakini bila sindano yake, na lichemsheni kila siku. Mtoto akae kwa tumbo, kama anavyokaa akinyonya mama yake. Watu wengi wanamlaza chali kama mtoto wa mtu. Maziwa yanaingia katika mapafu, na nyuma ya siku mbili amekufa kwa kifua. Mtoto wa gramu 100 anakunywa vijiko vidogo vinne ao vitano kwa siku nzima, lakini kidogo kidogo: juma la kwanza kila nyuma ya saa mbili ao tatu, usiku vilevile, juma la pili kila saa tatu ao nne, juma la tatu kila saa nne ao tano. Kila juma kipimo kinaongezeka pamoja na mwili.

Akiisha kunywa, chukueni kitambaa chenye maji ya vuguvugu, mpanguse polepole chini ya mkia mpaka akojoe. Mama yake angefanya hivyo kwa ulimi. Msipofanya, mkojo utabaki ndani, maana mpaka juma la tatu hawezi kuutoa mwenyewe.

KUACHISHA ZIWA

Juma la nne meno yametoka, na mtoto anaanza kunusa chakula cha mama yake. Sasa mnaweza kuanza. Chemsheni samaki, toeni miiba yote, pondeni nyama yake pamoja na mchuzi usio na chumvi mpaka iwe laini. Nyama ya kuku ao moyo wa mbuzi, uliokatwa vidogo sana, ni vizuri vilevile. Wekeni katika sahani fupi. Paka mwenyewe kidole, alambe. Msisukume uso wake ndani ya sahani.

Aendelee kunyonya huku akijifunza kula, mpaka juma la nane. Mbele ya juma la nane msimtoe kwa mama yake. Sababu ni mbili. Ya kwanza, tumbo. Ya pili ni kazi ile mnayomtakia: mama mwenye kuwinda anawaletea watoto wake panya aliyekufa, kisha panya aliye hai, nao wanajaribu. Hiyo ndiyo shule yao. Kwa hiyo, ukiomba mtoto wa paka kwa jirani, usiulize rangi yake. Uliza kama mama yake anashika panya.

Katika majuma hayo watu wa nyumba wamshike kila siku kidogo. Paka asiyeguswa na watu mpaka mwezi wa pili anabaki kuwa wa porini, hata ukimlisha.

BUKARI, SAMAKI NA NYAMA

Sasa tuseme juu ya bukari. Bukari si sumu. Tonge dogo lililochanganywa na samaki si kitu kibaya. Lakini mwili wa paka si kama wa mtu, wala si kama wa mbwa. Katika nyama kuna kitu kiitwacho taurini, na paka hawezi kukitengeneza cha kutosha ndani yake. Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 1975 ya kuwa paka anayekikosa anapofuka macho, na mwaka 1987 ya kuwa moyo wake unalegea. Katika mahindi na mihogo hakimo. Basi mtoto anayelishwa bukari tupu anaonekana ameshiba, lakini mwili wake unakufa polepole.

«Nyama ni ghali,» mtasema. Ni kweli, na hatusemi mnunue nyama ya ng'ombe kwa paka. Siku ya kuchinja kuku, mpeni moyo, mapafu, na matumbo yaliyosafishwa na kuchemshwa. Ini ni zuri, lakini mara moja ao mbili kwa juma inatosha; ikizidi sana inadhuru mifupa. Vichwa vya samaki vipikwe na kupondwa. Ndakala kavu walowekwe katika maji kwanza ili chumvi itoke. Yai lililochemshwa, panzi, na panya wenyewe ambao watoto wanawatega shambani: huyo ndiye chakula cha paka tangu mwanzo, na hana bei.

Toka mwezi wa pili mpaka wa nne mtoto ale mara nne kwa siku, kila mara vijiko vikubwa viwili hivi, na kuongeza kadiri anavyokua. Kisha mara tatu mpaka mwezi wa sita. Nyuma ya hapo mara mbili. Maji safi yawepo sikuzote.

Na lile neno la uvivu? Paka hawindi kwa sababu ya njaa tu. Kitu kidogo kikikimbia mbele yake, kikikwaruza katika majani, anakiruka, hata kama ameshiba. Paka mwenye njaa anakwenda mbali, anaiba vifaranga vya jirani, mwisho harudi. Katika Uingereza, Charles Elton aliandika mwaka 1953 habari ya paka wa mashamba: pale walipopewa maziwa kila siku walikaa karibu na majengo, na panya waliokwisha kuondolewa hawakurudi. Tazameni neno hilo: panya walikuwa wameondolewa kwanza. Ghala likijaa panya, paka mmoja hatalisafisha. Tegeni, zibeni mashimo, fyekeni majani ya kandokando. Kisha paka atalinda.

YANAYOUA WATOTO WA PAKA

Sumu ya panya ni ya kwanza. Panya akila sumu, paka akila panya, paka anakufa. Kwa hiyo mwenye paka asitumie sumu, na azungumze na jirani zake vilevile. Ya pili ni unga wa dawa wa kuua wadudu wa mahindi. Dawa nyingi za namna hiyo zina permetrini, ambayo kwa paka ni sumu kali. Analala juu ya mahindi, kisha anajilamba. Ghala likitiwa dawa mpya, mfungieni nje.

Kitunguu katika mchuzi, na kitunguu saumu, vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano. Samaki mbichi kila siku wanaleta ugonjwa wa mishipa ya fahamu, maana baadhi yao huharibu vitamini moja, wapikeni. Na ninyi mnaokaa karibu na vijito vinavyopokea maji ya mitambo ya migodi, msimpe maji yale wala samaki wake. Msiyanywe wala msiwale ninyi wenyewe.

Mtoto mwenye tumbo kubwa kama ngoma na mgongo mwembamba ana minyoo. Anaipata hata katika maziwa ya mama yake. Ulizeni daktari wa wanyama dawa na kipimo chake, msikate vidonge vya watu kwa kukisia. Mwezi wa tatu achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka naye anakipata. Na mama mwenye mimba asishike mavi ya paka. Mtu mwingine ayafukie.

MWEZI WA NNE NA KUENDELEA

Kati ya mwezi wa nne na wa sita meno ya utoto yanaanguka. Siku nyingine anakataa chakula kigumu, anatoka mate yenye damu kidogo. Si ugonjwa, mpeni laini. Mlisheni sikuzote karibu na mlango wa ghala, saa ileile, jioni kidogo kuliko asubuhi. Atajua pale ni kwake, naye atalala pale.

Jike anaweza kushika mimba toka mwezi wa nne ao wa tano, na mwili wake ungali mdogo. Ukiona anajigaragaza na kulia usiku akiita dume, mfungie ndani ya nyumba kwa juma moja. Kilio hicho kitarudi, nawe utamfungia tena, mpaka atimize mwaka. Ao mpelekeni kwa daktari wa wanyama mjini amfunge uzazi.