MNANAHA, MIRUNGI NA SAA ZA ULEVI

Katika kipindi cha baiolojia wanafunzi huuliza mara kwa mara, na wazazi nao wana haki ya kujibiwa: Je, mtu akishikwa na ulevi wa jani au mbegu, hali hiyo humtoka baada ya muda gani? Wengi hudhani ulevi wote ni kama wa pombe, kwamba mtu akilala usiku mmoja asubuhi huamka mzima. Sivyo. Kiko kilevi kinachopita kabla chai haijapoa kikombeni, na kiko kingine kinachomshika mtu siku mbili kamili. Hicho cha pili huota hapa hapa kwetu, tena bila kupandwa.

Mmea wenyewe ni mnanaha. Utauona kando ya zizi, jalalani, na katika shamba la mahindi lisilopaliliwa vizuri. Majani yake yananuka, ua lake ni refu mfano wa tarumbeta, na tunda lake limejaa miiba, kubwa kiasi cha yai. Tunda likikauka hupasuka na kumwaga mbegu ndogo nyeusi. Asili yake ni bara la Amerika, lakini siku hizi umeenea karibu dunia nzima. Sumu zake kubwa ni mbili, atropini na skopolamini.

Mwaka 1991 jarida moja la utabibu wa nchi za joto lilichapisha taarifa ya Dk. H. T. Rwiza juu ya mlipuko wa sumu ya mnanaha katika chakula, ulioonekana katika hospitali ya serikali ya Usangi, kwenye milima ya Pare ya Kaskazini. Tuangalie jambo hili vizuri: hao hawakuwa watu waliotafuta ulevi, bali watu waliokula chakula. Mnanaha ukivunwa pamoja na nafaka, mbegu zake huingia ghalani, kisha kinuni au mashineni, na katika unga hazionekani tena. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu wapatao mia tatu waliugua na watano wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada, na uchunguzi ulionyesha sumu za jamii hii hii.

Dalili huanza baada ya nusu saa hivi au saa moja. Kinywa hukauka, ngozi huwa ya moto na nyekundu, moyo huenda mbio, mkojo hukataa kutoka, na mboni za macho hupanuka sana. Kisha akili huvurugika. Mgonjwa huzungumza na watu wasiokuwapo, huokota vitu hewani, wala hajui kwamba anayoyaona si kweli. Ni rahisi kwa jirani kusema kwamba amepagawa, na wakati wa kumpeleka hospitali ukapotea. Hali hii hudumu kwa kawaida saa 24 hata 48, na pengine zaidi.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Sababu moja yafaa kukumbukwa kwa kuwa ni ya ajabu kidogo. Atropini hulegeza misuli ya tumbo na utumbo, na chakula kilichomo hakisogei upesi. Mbegu hubaki ndani zikiendelea kutoa sumu kidogo kidogo. Yaani sumu hii yenyewe hujifungia mlango ili isitoke! Ndiyo maana kijana anayejaribu mbegu hizi kwa kufuata maneno ya wenzake yumo hatarini kuliko anavyodhani: saa ya kwanza huona hakuna kitu, akaongeza, na zile za kwanza bado hazijamaliza kazi yao.

Sasa tulinganishe na vilevi vya njozi vya nchi nyingine. Mkemia Albert Hofmann, wa Basel huko Uswisi, alitengeneza LSD mwaka 1938, na nguvu yake akaitambua mwaka 1943. Hii hushika saa 8 hata 12. Uyoga wa njozi, uliotumiwa tangu zamani na wenyeji wa Meksiko katika ibada zao, hushika saa 4 hata 6. DMT ikivutwa kama moshi huisha kwa dakika chache tu, robo saa hivi, maana mwili una kimeng'enya cha kuivunja upesi.

Mwanafunzi makini atasema: basi, kilevi huisha kinapotoka damuni. Jibu hilo halitoshi. Nusu ya LSD iliyomo damuni huondoka kila baada ya saa 3 hivi, nayo kileo chake huendelea mpaka jioni. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walionyesha sababu mojawapo. Katika chembe za ubongo kuna vipokezi, ambavyo ni kama tundu la kufuli linalongoja ufunguo. LSD ikiingia katika tundu hilo, kipande cha kipokezi huifunika kama kifuniko cha chungu, nayo hukaa humo ndani muda mrefu. Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha mambo mawili: muda wa dawa kukaa mwilini, na muda wa dawa kuutawala ubongo.

Hapo ndipo tufikie mirungi, ambayo kwetu Same haihitaji kuelezwa. Mirungi si kilevi cha njozi, ni kichangamshi. Ila kwa habari ya muda ina somo lake. Nguvu yake kubwa ni kathinoni, iliyotambuliwa mwaka 1975, nayo huharibika upesi. Jani likichumwa, kwa muda wa siku mbili hivi kathinoni iliyo nyingi hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu huko Meru, Kenya, ambako biashara hii ni halali, mafungu hufungwa katika majani ya mgomba yasikauke, na magari yake huendeshwa kwa mwendo wa kutisha. Kwetu ni kosa kwa Sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2023 Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya ilipanda milima ya Same kuteketeza mashamba. Kwa jamaa waliosomesha watoto kwa zao hilo, jambo hilo si dogo, na sioni vema kulipitia kama mzaha.

Mdomoni, uchangamfu wa mirungi huja polepole kadiri mtu anavyotafuna, ukakaa saa 3 hivi. Nusu ya kathinoni hutoka damuni kwa saa moja na nusu. Fanya hesabu, baada ya saa 6 imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Lakini kathini huchelewa, nusu yake hutaka saa 5 hivi. Mwanafunzi anayetafuna jioni ili asome usiku hupoteza furaha kabla ya usiku wa manane, usingizi nao hauji, na huingia katika mtihani akiwa mnyonge na mwenye hasira.

Bangi ina tabia yake. Ikivutwa, kileo hudumu saa 2 hata 4. Ikiliwa, huchelewa kuanza na hukaa muda mrefu zaidi. Mabaki yake hujificha katika mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku huweza kuonekana katika mkojo baada ya majuma kadhaa.

Kwa hayo yote, daktari atamwuliza anayemleta mgonjwa wa mnanaha maswali mawili kwanza: amekula nini, na saa ngapi. Basi saa iandikwe, na unga uliobaki au tawi la mmea vichukuliwe pamoja naye, wala asiachwe peke yake njiani. Akili ikisharudi, mboni za macho huweza kukaa wazi hata juma zima. Akirudi darasani mwanga wa jua utamchoma, na maandishi ya karibu hatayaona sawasawa. Mwalimu amweke mbali na dirisha, asimhesabu mvivu.