Mama Amepooza, Mlezi ni Mmoja

Swali: Msomaji wa Malinya, Kakamega, anamtunza peke yake mamake wa miaka 74, aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Apate wapi msaada?

Jibu: Aanze na mhamasishaji wa afya wa kijiji chake. Tangu 2023 wahamasishaji wengi wamepewa mikoba yenye kipima shinikizo la damu, na shinikizo lisipodhibitiwa kiharusi huweza kurudi.

Kitandani, mama ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Visigino, nyonga na mgongo wa chini vikaguliwe kila siku: ngozi iliyobadilika rangi ni dalili ya kidonda cha kulalia. Mkono uliopooza usivutwe kamwe anapoinuliwa, bega huteguka.

Kuhusu fedha, Inua Jamii iliwafungulia mlango wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Usajili huja kwa awamu, hivyo amuulize naibu chifu mapema, akiwa na kitambulisho cha mama. Pesa hizo, kusema kweli, haziajiri msaidizi.

Kwa hiyo ndugu wagawane zamu za usiku, hata wale wasiokosa mapigano ya mafahali ya huko Malinya.