Gurudumu la Nyuma Linaporukaruka

Najua umezoea kusoma habari za ngeli na methali katika kurasa hizi. Leo nivumilie kidogo, maana nataka tuingie sote chini ya pikapu. Mlezi wa chama chetu hupenda kutuambia kwamba Kiswahili hakishindwi na jambo lolote. Haya, tuone.

Mjomba wangu ana pikapu ya kubebea viazi huko Molo, na karo yangu hutoka humo. Barabara ya kwenda shambani ni ya udongo. Mvua ikinyesha, magari huchimba mifereji hata tumbo la pikapu likawa linakwaruza chini. Mimi, kwa kujiona msomi, nikamshauri mjomba ainue gari upande wa nyuma. Tukaweka vipande vya chuma vya unene wa sentimita 10 kati ya ekseli na springi. Likainuka kweli! Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Kisha ikaja siku ya kuvuta trela mlimani. Mjomba alipoachilia klachi, magurudumu ya nyuma hayakuteleza tu, yalianza kurukaruka: du-du-du-du! Gari zima likatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mjomba naye, badala ya kupunguza mafuta, akaongeza. Tukasikia "paa!" Krosi ya propela ilikuwa imekatika. Viazi vililala pale siku mbili vikinyeshewa. Mjomba hakunigombeza. Aliniangalia tu, na hilo likaniuma zaidi.

Fundi aliponiona nimesimama kando akaniambia, "Wee mwanafunzi, ingia chini ujionee." Nikaingia.

Hebu fikiria hivi. Injini inapozungusha magurudumu kwenda mbele, ekseli yenyewe husukumwa izunguke kinyume. Pua ya difu, pale propela inapoingia, huinuka juu. Ndiyo ile sheria ya Newton tunayoikariri bila kuiona. Kinachoizuia ekseli isipinduke ni springi peke yake, kwa hiyo majani yake hujikunja kama herufi S iliyolazwa. Hapo huwa imebana nguvu kama manati iliyovutwa. Tairi likikosa kushika ardhi, springi hujinyosha kwa ghafla na kuirusha ekseli. Tairi linaruka, linatua, linashika, springi inajikunja tena. Hayo yote hutokea mara kadhaa kwa sekunde moja, na kinachovunja vyuma hasa ni kule kutua na kushika kwa kishindo.

Na vile vyuma vyangu je? Nilichukua rula nikapima. Mwanzoni, kutoka ardhini hadi kwenye springi palikuwa na sentimita 40. Mimi nikafanya 50. Nguvu ya tairi ni ileile, lakini wenzo umerefuka kwa robo, basi na mkunjo wa springi ukazidi kwa robo. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya darasani kabla ya kushika spana. Majuto ni mjukuu!

Fundi alinionyesha kwenye simu yake mashindano ya Marekani, ambako pikapu huvuta sleji yenye sanduku la vyuma vizito. Sleji ikisonga, sanduku nalo husogea mbele, na mzigo huzidi kuwa mgumu. Mwendo kamili ni futi 300, yaani mita 91 hivi. Gari likianza kurukaruka pale, dereva huachia mafuta au avunje ekseli. Wengi wao huweka vyuma vya kuibana ekseli na fremu, springi isicheze kabisa. Tairi ndilo hubaki springi pekee, na ndiyo maana upepo wake hupimwa kwa makini. Nikauliza kama nasi tungefanya hivyo. Fundi akacheka. Njia yao imesawazishwa. Yetu ina mashimo, na springi isiyocheza ingeacha tairi moja likining'inia hewani huku fremu ikipasuka.

Basi tulitoa vyuma vyangu. Kumbe hata bushi za springi zilikuwa zimelika, yubolti zimelegea, na shokabsoba moja ilivuja mafuta. Hizo zote zilirekebishwa, na yubolti zikakazwa tena baada ya siku chache kwa sababu hulegea zikianza kazi. Kisha fundi akachomelea mkono wa chuma, akaufunga imara kwenye ekseli, ukaelekea mbele hadi kwenye fremu. Kazi yake ni kuizuia pua ya difu isiinuke. Mwisho wake wa mbele haukufungwa kabisa, bali uliwekewa kiungo kinachobembea kama kile cha nyuma ya springi. Ukiufunga pande zote mbili, springi haiwezi kupanda na kushuka, na kitu kitavunjika tu.

Tulijaribu mlima uleule tukiwa na magunia 20 ya kilo 50. Nilichora mstari wa chaki kwenye pua ya difu nikasimama kando, mbali, nikitazama. Mstari ulitikisika kidogo tu. Penye utelezi mkubwa nilisikia du-du mara mbili, mjomba akaachia mafuta papo hapo, kukatulia, akapanda.

Tumbo la pikapu bado linakwaruza kama zamani. Siku hizi kila Jumamosi mimi na mjomba huenda na toroli tukajaza mawe kwenye ile mifereji.