Takriri Zaidi ya Msisitizo: Uradi wa Kila Siku katika Mapokeo ya Bhakti ya Maharashtra

Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi anapoulizwa dhima ya takriri, jibu humjia mdomoni kabla hajafikiri: takriri hutumiwa kusisitiza ujumbe. Jibu hili si kosa, na watahini wamelituza alama kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni jibu linaloishia njiani. Yapo mapokeo ya ushairi ambamo mtu husema maneno yale yale asubuhi na jioni kwa muda wa miaka hamsini, aghalabu akiwa peke yake, mbele ya Mungu ambaye kwa imani ya msemaji aliyasikia tangu siku ya kwanza. Mtu huyo anamsisitizia nani? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kurejelea mapokeo ya bhakti katika dini ya Kihindu, hususan yale ya Wavarkari wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India.

Bhakti ni mapenzi ya mja kwa Mungu wake. Neno lenyewe limetokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kugawana na kushiriki, kwa hivyo ndani yake mna dhana ya mja kuwa na fungu lake kwa Mungu. Mapokeo haya yalistawi kwanza kusini, miongoni mwa watunzi wa Kitamil wa baina ya karne ya 6 na ya 9, kisha yakaenea kaskazini. Kila yalikofika yalitumia lugha za nyumbani na sokoni badala ya kutegemea Kisanskriti cha makuhani. Huko Maharashtra, Jnaneshwar alikamilisha mwaka 1290 ufafanuzi wa Bhagavad Gita kwa Kimarathi, beti zipatazo 9,000 zikifafanua beti 700 za matini asilia. Msomi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa uamuzi wa namna hiyo.

Kitabu cha Bhagavata Purana kinataja njia tisa za bhakti. Tatu za mwanzo ni kusikia, kuimba na kukumbuka. Kuhudumu, kutoa sadaka, kusujudu na nyinginezo hufuata baadaye. Yaani masikio, ulimi na kumbukumbu vimetangulizwa mbele ya vyote. Mtaalamu wa fasihi simulizi ana haki ya kutabasamu hapa.

Mja na siku yake

Jina Varkari lina maana ya mtu afanyaye vari, yaani safari ya kwenda na kurudi. Aendako ni Pandharpur, mji ulio kando ya mto Bhima, kwenye hekalu la Vitthal, ambaye huchukuliwa kuwa sura ya Krishna. Sanamu yake imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Mkao huo una kisa. Inasimuliwa kwamba Mungu alimjia kijana aitwaye Pundalik alipokuwa akiwahudumia wazazi wake. Pundalik hakuiacha kazi yake. Alimrushia mgeni tofali asimamie, akamwomba asubiri. Basi Mungu yu pale hadi leo, anasubiri. Mapokeo yaliyojengwa juu ya kisa hiki hayawezi kudai kwamba mtu akimbie nyumba yake ili aabudu.

Ndivyo ilivyo. Mvarkari ni mkulima, fundi, mwalimu au mama mwenye watoto. Shingoni huvaa shanga za mti wa tulsi, jamaa ya mrehani wetu. Hajitii ulevini wala hali nyama. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo hufunga. Kila siku hutaja jina la Mungu na kukariri Haripath, mkusanyiko wa tungo zipatazo 27 unaonasibishwa na Jnaneshwar. Kiswahili kina neno linalokaribiana sana na desturi hii, nalo ni uradi: maneno maalumu ya ibada ambayo mtu amejipangia kuyasoma kwa wakati maalumu. Itikadi za Kiislamu na za Kihindu hazifanani, na haifai kuzichanganya. Lakini atokaye pwani, aliyemwona babu yake akibaki msalani baada ya swala, midomo ikitembea na tasbihi ikihesabu, anaielewa picha hii bila mkalimani.

Kimarathi huita utaratibu huu nem, yaani kanuni aliyojiwekea mtu mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni kuwa nem haizidishwi kwa kuongezewa maneno mapya kila mara. Tungo ni zile zile. Kinachotakiwa kukua ni msemaji wake. Hapa ndipo dhana ya msisitizo inapoanza kupwaya, kwa kuwa msisitizo huelekezwa kwa msikilizaji ilhali takriri hii inamfanyia kazi yule anayetamka.

Umbo la abhanga

Tungo za Wavarkari huitwa abhanga, neno lenye maana ya kisichovunjika. Bahari hii ina umbo kubwa na umbo dogo. Katika umbo dogo, ubeti una vipande viwili vya mizani 8 vyenye vina. Katika umbo kubwa, ubeti una vipande vinne: vitatu vya mizani 6 na cha mwisho cha mizani 4. Kina hukutanisha kipande cha pili na cha tatu, kisha kile kifupi hubaki bila mwenzi. Mwanafunzi aliyezoea msuko, shairi ambalo mshororo wake wa mwisho umefupishwa, ataitambua athari yake papo hapo. Sikio limezoezwa kungoja mizani 6. Likipewa 4 hubaki na nafasi tupu. Katika uimbaji nafasi hiyo ni ya pumzi, matoazi na ngoma. Ubeti wa mwisho hubeba jina la mtunzi, desturi isiyo ngeni kwa wasomaji wa tenzi za upwa wetu.

Abhanga haikukusudiwa kusomwa kimya. Huimbwa katika kirtana, ambamo kiongozi hutangulia na kundi likarudia sehemu iitwayo dhrupad. Sisi tuna majina kadhaa ya sehemu kama hiyo: kiitikio, kipokeo, kibwagizo. Ni ajabu kwamba tunayakariri majina haya darasani bila kuyasikiliza. Kuitika ni kumjibu aliyekuita. Kupokea ni kutwaa kitu mkononi mwa mwingine. Kubwaga ni kutua mzigo. Hakuna hata moja linalozungumzia msisitizo. Yote yanataja tendo linalopita baina ya watu. Istilahi zetu zilikwisha kusema kile ambacho uhakiki wetu bado haujakisema.

Ushahidi mzito wa hoja hii ni maisha ya Tukaram, mtunzi wa karne ya 17 kutoka kijiji cha Dehu, ambaye tungo zinazonasibishwa naye zinazidi 4,500. Alikuwa wa tabaka la Shudra, mwenye duka. Njaa kuu iliyoikumba Deccan kuanzia mwaka 1630 ilimwua mke wake mmoja na mtoto, na biashara ikafilisika. Katika utungo anaosimulia maisha yake, anaeleza jinsi alivyoanza upya. Hakuanza kwa kutunga. Alihifadhi moyoni baadhi ya maneno ya waliomtangulia, na wengine walipoimba, yeye alisimama nyuma yao akipokea kiitikio huku akijitahidi kuusafisha moyo wake. Mtunzi mkuu kuliko wote katika lugha yake alianza kama mpokezi wa vibwagizo vya wenzake! Takriri kwake ilikuwa uanagenzi. Aliyarudia maneno ya wengine mpaka yakamjengea sauti yake mwenyewe.

Jiwe la kusagia

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa mwanamke. Janabai alikuwa mtumishi katika nyumba ya Namdev, mtunzi wa jamii ya washonaji aliyeishi katika karne ya 13 na ya 14. Tungo zinazobeba jina lake hazina muda wa falsafa ndefu. Zinahusu kusaga, kufagia, kuteka maji na kuokota samadi. Katika tungo hizo Vitthal mwenyewe hushuka na kumsaidia, akalishika jiwe la kusagia pamoja naye.

Picha hiyo haikutoka hewani. Kwa karne nyingi wanawake wa vijiji vya Maharashtra waliamka kabla ya mapambazuko kusaga nafaka ya siku, na waliposaga waliimba beti fupi ziitwazo ovi. Mbele ya taaluma yetu hizi ni hodiya, nyimbo za kazi. Mkono ndio uliopima mizani. Jiwe likizunguka, ubeti unazunguka. Ndani ya beti hizo mna Vitthal na Pandharpur, lakini pia mna kaka aliye mbali, mume mkali, mama aliyekufa na bei ya mtama. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti Hema Rairkar na Guy Poitevin pamoja na wenzao walianza kuzikusanya, na mkusanyiko huo umezidi nyimbo 100,000. Hazina hiyo ilitungwa na watu ambao wengi wao hawakujua kuandika.

Kutokana na Janabai na wenzake tunapata maana nyingine ya kuzamisha ibada ya kila siku. Mjakazi hakuwa na saa ya ziada ya kumtengea Mungu. Ibada yake iliingia katika saa ambayo kazi ilikwisha kuichukua. Takriri ya wimbo ilikaa juu ya takriri ya jiwe, na uchovu ule ule uliokuwa adhabu ukawa kipimo cha sala. Mhakiki anaweza kusema kwamba wimbo ulimliwaza mtumwa ili aendelee kutumika, na hoja hiyo haipuuziki. Lakini sharti asome tungo zenyewe kwanza. Mungu anayeshika mpini wa jiwe pamoja na mjakazi amefanya kazi ambayo bwana wa nyumba hawezi kuifanya. Hilo ni shutuma, hata kama limeimbwa kwa sauti ya upole.

Ulimi usio na moyo

Mapokeo ya bhakti hayakuwa na imani pofu katika takriri. Kabir, mfumaji wa Banaras wa karne ya 15, aliwakejeli watu ambao shanga huzunguka vidoleni mwao huku nia zao zikizurura mitaani. Tukaram naye hujishtaki mara kwa mara kwamba akili yake haitulii, na wakati mwingine humgeukia Mungu na kumshtaki yeye. Ugomvi huu na Mungu ni sehemu ya nem. Haukuachwa nje ya mlango.

Kuna mlango mwingine, hata hivyo, uliokuwa na uzito kuliko wa sitiari. Chokhamela, mtunzi wa karne ya 14, alikuwa Mahar, tabaka lililohesabiwa kuwa najisi. Hakuruhusiwa kuingia katika hekalu la Vitthal. Alitunga akiwa nje, na katika tungo zake anauliza unajisi ulitoka wapi ikiwa kila mwili umezaliwa kwa njia moja. Wavarkari walizipokea tungo zake, wakaziimba pamoja na za Jnaneshwar aliyekuwa Brahmin. Walitembea nazo kila mwaka hadi Pandharpur, mwendo wa takriban kilomita 250 kutoka Alandi. Walipofika, waliokuwa na ruhusa waliingia, na watu wa jamii ya Chokhamela wakabaki nje. Hali hiyo iliendelea kwa karne kadhaa. Beti zilizouliza swali zilikaririwa kizazi baada ya kizazi na swali lisijibiwe. Hapa takriri inakutwa katika udhaifu wake mkubwa: maneno yaweza kuzoeleka mpaka yasimchome tena anayeyasema. Mhakiki anayeishia kwenye msisitizo hana namna ya kulieleza jambo hili, kwani kwake kilichorudiwa zaidi ndicho kilichosikika zaidi.

Mwaka 1947, Sane Guruji, mwalimu na mwandishi wa Kimarathi aliyezaliwa katika jamii ya Brahmin, alifunga kula mjini Pandharpur akidai hekalu lifunguliwe kwa wote. Lilifunguliwa mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, B. R. Ambedkar, naye Mahar, alichapisha kitabu kuhusu asili ya watu walioitwa wasiogusika, akakitabarukia waja watatu mashuhuri wa bhakti, Chokhamela akiwa mmoja wao.

Simulizi za Wavarkari zinasema kwamba Chokhamela alifia Mangalvedha, akifanya kazi ya kujenga ukuta, ukuta ulipoporomoka na kuwaua wafanyakazi. Namdev alitumwa kuichukua mifupa yake. Mifupa ilikuwa imechanganyika na ya wengine, kwa hivyo Namdev aliinua mmoja mmoja na kuuweka sikioni. Ile iliyokuwa bado inalitaja jina la Vitthal ndiyo aliyoibeba hadi Pandharpur, akaizika mbele ya ngazi za hekalu, nje ya mlango. Kaburi hilo liko pale hadi sasa, na mahujaji huinama hapo kabla ya kupanda ngazi na kuingia.