Shamba la Baba na Moyo Usiotosheka

Maandiko ya kusoma: Luka 12:13–21, Mwanzo 13:5–17, Hesabu 27:1–7, Wafilipi 4:10–13, 1 Timotheo 6:6–10 na 17–19.

Lengo la somo: Kuitambua tamaa ya mali inapojificha ndani ya mtu aliyeokoka, na kujifunza kuridhika na fungu ambalo Mungu ametupa.



Nimehubiri juu ya pesa mara nyingi katika kanisa hili. Leo mniruhusu nianze na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu somo hili lilinipiga mimi kwanza kabla niwaletee ninyi.

Baba yetu alipolala alituacha watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Mimi ndiye kifungua mimba. Shamba ni ekari 4, na upande mmoja umegusa barabara. Baba akiwa hai, barabara hiyo ilikuwa ya udongo, na hakuna aliyekitaka kipande cha kando yake kwa sababu ya vumbi. Kisha ikawekwa lami. Mabroka wakaanza kunipigia simu. Usiku nikawa napiga hesabu kitandani: vyumba 10 vya kukodisha, kodi ya kila mwezi, baada ya miaka mitatu naongeza vingine 10. Mke wangu ananiuliza mbona silali, namwambia ninaomba.

Nikaenda kwa chifu kuchukua barua ya kuanza mambo ya urithi. Nikaandikisha majina matatu, langu na ya ndugu zangu wawili. Dada zetu sikuwataja. Nilijiambia wameolewa, watapata huko walikoolewa. Lakini mmoja wao alikuwa ameachika na kurudi kwa Mama na watoto wawili, wanalala kwenye nyumba ya jikoni. Hilo nililijua vizuri. Kisha nikawaambia ndugu zangu kwamba upande wa barabara wote ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Hata andiko nilikuwa nalo, la fungu maradufu la mzaliwa wa kwanza katika Kumbukumbu la Torati 21. Ndugu yangu anayenifuata akakataa. Tukagombana mbele ya Mama, na kwa miezi 14 hatukuongea.

Na wakati huo wote nilikuwa naongoza ushirika wa nyumbani kila Alhamisi.

Alhamisi moja nilifundisha mfano wa tajiri mpumbavu. Nilianzia mstari wa 16, hadithi inapoanzia. Nilipomaliza, mama mmoja mzee akauliza, "Mtumishi, sasa Yesu alitoa huo mfano kwa nini? Ni nani alikuwa amemuuliza?" Nikarudi nyuma, nikaanza kusoma mstari wa 13 kwa sauti. Sauti ikanikwama. Ni mtu aliyetaka Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi.

1. Mtu aliyekatiza mahubiri

Angalia mazingira. Sura ya 12 inaanza na maelfu ya watu wakisongamana hadi kukanyagana. Yesu anafundisha mambo mazito: kumwogopa Mungu kuliko wanadamu, na jinsi Roho Mtakatifu atakavyotupa la kusema tukipelekwa mbele ya wakuu. Katikati ya hayo, huyu mtu anakatiza na habari za mali ya nyumbani kwao. Mwili uko ibadani, akili iko shambani. Sijui kama mnanielewa.

Luka hatuambii kama huyo mtu alikuwa na haki au hakuwa nayo. Pengine kweli ndugu yake alimdhulumu. Yesu hakusema kesi yake ni mbaya. Alikataa kuwa hakimu wao, halafu akawageukia watu wote na kuwaonya wajihadhari na choyo. Mpendwa, unaweza kushinda kesi mahakamani na bado ukawa mgonjwa moyoni. Yesu aliuona ugonjwa ambao hati ya shamba haiwezi kuutibu.

2. Choyo hiki ni cha aina gani?

Sisi tukisikia mchoyo tunafikiria mtu anayenyima, yule anayefunga mlango ili ale peke yake. Lakini neno la Kigiriki lililo hapo, pleonexia, maana yake ni kutaka kuwa na zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkarimu na bado awe nacho. Mimi nilikuwa natoa fungu la kumi. Nilichangia mabati ya kanisa. Kama ungeniita mchoyo ningekuonyesha risiti. Lakini ndani yangu palikuwa na mdomo ambao haukuwahi kusema "imetosha".

Hapa madhabahuni watu huja kuombewa magonjwa, ndoa, kazi, hata roho ya umaskini ikemewe. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijaona mtu akija mbele na kusema, "Mtumishi, niombee, nina tamaa." Ni dhambi ambayo kila mtu anaiona kwa jirani. Kwake mwenyewe anaiita bidii, anaiita maono.

3. Tajiri aliyeongea peke yake

Sasa tuingie kwenye mfano. Yule tajiri hakuiba. Hakumdhulumu mfanyakazi, angalau hatuambiwi hivyo. Shamba lake lilizaa sana, na mvua na mchanga ni vya Mungu. Shida yake tunaiona anapofungua kinywa. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe. Chukua kalamu, hesabu ni mara ngapi anasema "yangu": mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, hata nafsi yangu. Hamtaji mke, hamtaji jirani, hawataji waliomvunia, hamtaji Mungu. Suluhisho lake ni kubomoa na kujenga kubwa zaidi. Halikumjia wazo kwamba matumbo ya wenye njaa pia ni ghala.

Ndipo Mungu anamwita mpumbavu na kumwambia kwamba usiku huohuo uhai wake unatakiwa. Kisha anamuuliza: hivi ulivyoweka akiba vitamwendea nani?

Umeona? Habari ilianza na ndugu wawili wanaogombania mali ya marehemu. Inaisha na tajiri ambaye sasa ndiye marehemu, na mali yake inangoja kugombaniwa. Yesu alikuwa anamwambia yule mtu: unachokililia leo, kesho watoto wako watakililia juu ya kaburi lako. Nilipoona hilo nilifikiria vyumba vyangu 10, na wanangu watatu.

4. Mkubwa aliyeacha mdogo achague

Mwanzo 13 inatuonyesha mtu mwingine. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu wanagombana kwa sababu nchi haiwatoshi. Abramu ndiye mkubwa, ndiye baba mdogo au mkubwa wa Lutu kwa ukoo, na ndiye aliyepewa ahadi. Kwa desturi yoyote, angechagua kwanza. Lakini alimwambia Lutu achague, naye atachukua upande utakaobaki. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji tele, akalichukua, na hema zake zikasogea hadi Sodoma.

Abramu aliwezaje? Alijua fungu lake liko mkononi mwa nani. Mungu alisema naye kuhusu nchi yote baada ya Lutu kuondoka na bonde zuri. Mtu ambaye Mungu amemshika mkono hana haja ya kunyakua.

5. Kuridhika ni kitu cha kujifunza

Wafilipi 4:13 tunaipenda sana. Iko kwenye matatu, iko kwenye kadi za kuwatakia watoto heri ya mtihani. Lakini soma mistari inayotangulia. Paulo amefungwa, anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Anasema amejifunza kukaa na njaa na pia kukaa na shibe. Nguvu anayoitaja ni ya kubaki mtulivu katika hali zote mbili. Na kama Paulo alijifunza, basi hakuzaliwa nayo. Wewe pia usikate tamaa.

Kuridhika si uvivu. Paulo alishona mahema. Wala utajiri wenyewe si dhambi. Katika 1 Timotheo 6 matajiri hawafukuzwi kanisani, wanaagizwa wasijivune na wawe wepesi wa kushiriki.

Tena sikiza hili kwa makini: kuridhika si fimbo ya kumnyamazishia mtu uliyemdhulumu. Usimwambie dada yako "ridhika" huku umekalia haki yake. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Hata sheria ya nchi yetu iko hivyo. Sheria ya Urithi, inayotumika Kenya tangu 1981, haimtengi binti kwa sababu ameolewa, na mahakama inaweza kubatilisha urithi uliopatikana kwa kuficha majina. Kwa hiyo ile barua yangu yenye majina matatu ilikuwa uongo mbele ya Mungu na mbele ya serikali.

Nilichofanya

Nilirudi kwa chifu. Nilimwambia nimemdanganya, tukaandika upya: Mama, na watoto wote watano. Kisha nikaenda kwa ndugu yangu. Nilisimama langoni kama dakika tano hivi, mbwa wananibwekea, yeye ananiangalia tu. Nikasema, "Ndugu yangu, nimekuja kukuomba msamaha." Akanyamaza. Mwishowe akasema, "Ingia, chai iko."

Mambo ya mahakama yalichukua muda. Tulikubaliana na Mama kwamba dada yetu aliyerudi nyumbani apate kipande kinachogusa barabara. Ana kibanda cha mabati, anauza mboga, na watoto wanasoma. Fungu langu liko chini, karibu na mto. Nimepanda nduma.

Nisiwadanganye. Nikienda nyumbani na kupita barabarani, kuna siku moyo bado unaanza kupiga hesabu ya vile vyumba 10. Hapo naanza kuomba kabla sijafika langoni. Bado niko darasani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Yesu alikataa kuwa hakimu, badala ya kuamua ni nani mwenye haki?
2. Ni majina gani mazuri tunayoipa tamaa ili isionekane?
3. Je, kuna mtu katika familia yako ambaye hamwongei kwa sababu ya mali? Nani atatangulia kwenda?
4. Tofauti ya kuridhika na kukubali dhuluma ni ipi?

Zoezi la wiki

Andika kitu kimoja ambacho umekuwa ukisema, "Nikikipata hicho, nitatulia." Kiombee kila asubuhi kwa siku saba, ukimwambia Mungu kwamba hata bila hicho, Yeye anakutosha. Kama umeshika cha mwenyewe, kirudishe kabla ya Jumapili.

Tuombe

Baba, tumekuja kwako tukiwa na orodha ndefu ya tunavyotaka. Leo tunakuomba uutazame moyo unaoandika orodha hiyo. Utuponye tamaa. Utupe ujasiri wa kurudisha, unyenyekevu wa kwenda kubisha mlango wa ndugu, na macho ya kuona ulichotupa tayari. Katika jina la Yesu. Amina.