Betri ya Pili Katika Gari la Safari za Mbali: Jinsi ya Kuipanga

Gari linalosafiri katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, kama vile kutoka Marsabit kwenda North Horr kupitia jangwa la Chalbi, huwa mbali na fundi na mbali na duka. Betri yake ikifa huko, pengine gari jingine halitapita hata kesho yake. Na ikiwa gari hilo limechukua dawa za chanjo, hasara huwa kubwa zaidi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8 za Selsiasi. Zikipata joto kwa muda mrefu huharibika, na nyingine, kama ile ya pepopunda, huharibika zikiganda. Mtoto aliyechomwa sindano ya dawa iliyoharibika hurudi nyumbani bila kinga, na mama yake hana njia ya kujua.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye gari la namna hii, awe wa zahanati, wa mifugo au wa biashara, aelewe jinsi umeme wa gari unavyopangwa kabla ya kununua hata waya mmoja.

KAZI MBILI, BETRI MBILI

Betri ya kuwashia injini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda wa sekunde chache tu, kisha kujazwa tena mara moja. Haikutengenezwa kuendesha friji usiku kucha. Ikimalizwa mara kwa mara, mabamba yake ya risasi huharibika upesi. Basi kanuni ya kwanza ni hii: betri ya injini iachiwe injini, na vyombo vingine vyote vipewe betri ya pili iliyotengenezwa kwa kazi ya kutoa umeme polepole kwa saa nyingi.

KUHESABU MATUMIZI

Kama vile mama wa nyumbani apimavyo unga kabla ya kuteka maji, ndivyo mwenye gari apasavyo kupima matumizi kabla ya kuchagua betri. Kipimo chake ni ampea-saa, yaani mkondo wa ampea 1 kwa muda wa saa 1. Ili kupata ampea, gawanya wati kwa volti. Na umeme wa magari mengi ya aina hii ni volti 12.

Tuseme friji ndogo ya wati 50. Hiyo hutumia karibu ampea 4 mashine yake inapozunguka. Katika joto kali mashine huzunguka kama nusu ya siku, yaani saa 12. Kwa hiyo friji hutaka ampea-saa 48. Taa mbili za wati 6 kila moja, zikiwaka saa 5, hutaka ampea-saa 5. Redio ya mawasiliano na kuchaji simu tuzipe ampea-saa 7. Jumla ni ampea-saa 60 kwa siku moja. Betri ya injini ya ampea-saa 70 haiwezi kustahimili mzigo huo kwa siku moja na nusu, hata ikitoa kila kilichomo. Na ikiisha, injini haiwaki.

KUCHAGUA BETRI

Betri ya risasi na asidi haipasi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Basi anayetaka ampea-saa 60 anunue ya ampea-saa 120. Akitaka kukaa siku mbili pasipo kuendesha gari, itampasa awe na 240. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma yaweza kutoa sehemu 80 katika 100 bila kudhurika. Hivyo ampea-saa 150 zatosha siku hizo mbili. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na ya lithiamu kiasi cha kilo 12. Ya lithiamu ni ghali kuinunua, lakini hudumu miaka mingi zaidi ikitunzwa.

Betri ya lithiamu isiwekwe karibu na injini, maana joto huifupishia maisha. Nayo betri ya asidi yenye vifuniko vya kutilia maji isiwekwe ndani wanamokaa watu, kwa kuwa hutoa hewa ya haidrojeni iwezayo kulipuka. Iliyo ya aina yoyote ile sharti ifungwe kwa chuma na bolti, kwani barabara ya mawe hulegeza kila kitu.

KUIJAZA BETRI

Katika magari ya zamani, rilei inayopima volti yatosha kwa betri ya risasi. Injini ikiwaka na volti zikipanda kupita 13 na kidogo, rilei huunganisha betri mbili. Injini ikizimwa, huzitenganisha, na friji haiwezi kuila betri ya injini. Lakini katika magari mengi ya siku hizi alteneta hupunguza volti zake ili kuokoa mafuta, na betri ya pili haijai kamwe. Tena betri ya lithiamu huvuta mkondo mkubwa mno, hata alteneta ikaungua. Hapo hutakiwa chaja maalumu inayokaa kati ya betri mbili. Chaja ya ampea 25 yaweza kurudisha ampea-saa 60 kwa mwendo wa saa 3 hivi.

Gari likisimama siku nyingi, jua husaidia. Bamba la sola la wati 100, likipata jua zuri kwa saa 5, hutoa kiasi cha ampea-saa 29 baada ya kuondoa upotevu. Mabamba mawili hukaribia kutosheleza matumizi yote yaliyohesabiwa hapo juu.

WAYA NA FYUZI

Hapa ndipo watu wengi huponzwa. Waya mwembamba hupoteza volti njiani. Friji ya ampea 5 iliyo mita 4 kutoka kwenye betri ina safari ya mita 8, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za eneo, hupotea karibu nusu ya volti, na friji yaweza kujizima ingawa betri bado ina umeme. Kwa waya wa milimita 6, hupotea kama sehemu moja ya kumi ya volti, na friji hufanya kazi vyema.

Fyuzi si ya kulinda friji kwanza. Ni ya kulinda waya. Waya wa chanya ukichubuka na kugusa bodi la gari, betri hutoa mamia ya ampea kwa nukta moja, waya hugeuka mwekundu, na moto huanza. Kwa hiyo fyuzi iwekwe karibu na betri, pasizidi shubiri moja. Waya unaotoka betri moja kwenda nyingine uwe na fyuzi mbili, moja kila upande, kwa sababu umeme waweza kuja kutoka pande zote mbili. Kila mahali waya unapopita katika tundu la bati, patiwe mpira.

KABLA YA KUFUNGA

Anayefanya kazi avue pete na saa ya chuma. Katika gari ambalo hasi imefungwa kwenye bodi, waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Mwenye Land Rover ya kale, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, achunguze kwanza, kwa maana nyingi kati yake zilifungwa chanya kwenye bodi, na chaja ya kisasa ikiunganishwa kinyume huungua papo hapo.

Kazi ikiisha, gari lijaribiwe nyumbani kwa siku mbili, friji ikiwa imejaa chupa za maji na kipimajoto ndani. Volti zipimwe asubuhi na jioni. Betri ya risasi iliyopumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi ikijaa, na kama 12.2 ikifika nusu. Kosa litakaloonekana uani litatengenezwa kwa saa moja. Likionekana Chalbi, laweza kugharimu dawa za kijiji kizima. Kwa gari litakalochukua chanjo, friji yenyewe iwe ile iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, na sanduku la barafu liwemo kama akiba. Tahadhari kabla ya hatari.